Tundu la Risasi ya Dunnigan

Corbin Gulch ni mji wa mtaa mmoja, na mtaa wenyewe umejibana kati ya milima miwili ya Colorado ambayo hata mwezi Juni bado ina theluji mabegani. Fedha ilipokwisha migodini, mji ulibaki na vitu viwili vya kuuza: kahawa na hadithi. Kahawa anauza Delphine Trask, katika chumba kilichokuwa baa ya hoteli enzi za wachimbaji. Hadithi zinapikwa nje ya dirisha lake, kwenye benchi refu lililookolewa siku kanisa la zamani lilipobomolewa. Baruti, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Royce Penhallow, alilipua miamba miaka yote ya ujana wake na sasa anauza mawe ya rangi duka linalopakana na mkahawa. Huongea kana kwamba wenzake wako ng'ambo ya bonde. Harlan Stubbs aliwahi kuwa meya kipindi kimoja, akaangushwa vibaya, na tangu hapo anaitwa Mheshimiwa. Anauza aiskrimu upande wa pili wa barabara. Inez Archuleta, mchora vibao, wanamwita Brashi. Asubuhi hiyo Brashi alikuwa amelaza kibao kipya magotini, rangi haijakauka, na ubishi ulikuwa umeshaiva.

– Kibao ni kimoja, alisema Brashi. – Kamati ya mji imesema benchi likikubaliana kabla treni ya watalii haijaingia, kinapigiliwa hapo mlipokubaliana. Msipokubaliana, kinakwenda stesheni.

– Stesheni hakuna hata tundu! alinguruma Baruti.

– Basi kubalianeni. Penye wengi hapaharibiki neno.

– Hapa tuko wanne na limeharibika tangu Jumatatu, alisema Mheshimiwa.

Lililowagombanisha ni risasi. Kila mtu Corbin Gulch anajua kwamba Lafe Dunnigan, jambazi aliyeupa mji umaarufu, alifyatua risasi moja tu humu mjini, akiwa mezani anacheza karata, kisha akapanda farasi akatokomea. Risasi moja, tundu moja. Mji una matundu matatu: moja kwa Delphine, moja kwa Baruti, moja kwa Mheshimiwa.

Delphine alisimama dirishani na birika mkononi, masikio yote nje. Kiangazi cha pili sasa watalii wanashuka treni, wanampita, wanakwenda kulamba aiskrimu. Binti yake aliyeko Denver alikuwa ameshamtandikia kitanda. Bila kibao kile mkahawa usingefika majira mengine ya theluji, na Delphine hakutaka kuzeekea katika chumba cha wageni, hata kama mwenye nyumba ni mwanawe wa kumzaa. Alikitaka kibao kile, na hakuona haya kukitaka.

– Nyie, hebu niambieni, alisema akimimina. – Dunnigan alikaa wapi? Humu. Meza ilikuwa wapi? Humu. Sasa risasi iende kwa Baruti kutafuta nini?

– Ilikuja yenyewe! Ukuta wako mbao tupu, dada. Hata upepo unapita.

– Ingepita, tundu lingetokea upande wako, palepale.

– Kwangu si lipo? La upande wako umelifunika na rafu ya vikombe! Mficha maradhi hazai.

– Wahenga hawakusema hivyo.

– Wahenga hawakuwa na rafu.

Mheshimiwa alikohoa kikohozi chake cha kampeni.

– Wananchi wenzangu. Risasi haikugusa ukuta wa mtu. Ilitoka kwa dirisha hilihili. Ikavuka barabara, ikapiga kengele ya kanisa, ngaa! Mchungaji akatoka mbio na Biblia, akidhani kuna msiba. Kengele ikairudisha, ikaingia kwangu, zamani hizo palikuwa kwa kinyozi, ikamnyoa mteja sharubu moja, ndipo ikatulia ukutani.

– Sharubu moja!

– Ya kushoto. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Risasi ilikuwa mbaya, ndiyo maana ilitembea.

– Hiyo ni chai, Mheshimiwa, alisema Delphine. – Na hapa tunauza kahawa.

– Ngojeni, ngojeni, alisema Baruti akisimama kabisa. – Mimi nimelipua milima, nyie mmelipua nini? Hewa ya huku juu nyepesi. Mtalii anapanda ngazi tatu, tayari kashika magoti. Risasi haina mapafu! Huku haichoki. Ilipita kwa Del, ikapita kwangu, ikapiga hiyo kengele yenu, ikauzunguka mlima, ikarudi kwangu kwa mlango wa nyuma.

– Ilibisha hodi? aliuliza Mheshimiwa.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

– Hilo linahusu nini?

– Linahusu wewe kunikatiza.

Brashi alicheka hadi brashi ikamdondoshea tone la rangi kwenye suruali. Delphine naye alicheka, lakini hakusahau kilichomleta dirishani. Alijua wanaume hawa: ukiwapinga wanakaza, ukiwapa sehemu wanalegea.

– Sikilizeni, basi. Tuseme risasi ilitembea, sikatai. Baruti, ilipita kwako. Mheshimiwa, ilinyoa sharubu. Lakini safari yoyote ina pa kuanzia, na ilianzia kwangu. Kibao kikae inapoanzia safari. Nami kila mtalii nitamwambia: ukitoka hapa ingia kwa Baruti, halafu vuka barabara ukale aiskrimu.

Wakatazamana.

– Na pai ya tufaha? aliuliza Mheshimiwa.

– Kila Ijumaa, mpaka theluji iyeyuke mwakani.

– Mtaka yote hukosa yote, alisema Mheshimiwa, na kwa mara ya kwanza maishani methali ikamkaa sawa. – Mimi nimekubali.

– Hata mimi, alisema Baruti. – Ila mlango wa nyuma utajwe.

Moyo wa Delphine uliruka. Brashi alichovya brashi. Kibao kilikuwa kimeshaandikwa kwa herufi za dhahabu: HAPA NDIPO LAFE DUNNIGAN ALIPOFYATUA RISASI YAKE MOJA. Chini palibaki mstari mmoja mtupu.

Ndipo akafika mgeni, bwana wa makamo aliyekuja kwa gari lake mwenyewe bila kungoja treni. Aliegemea fremu ya mlango akihema, akaomba maji. Delphine alimpa maji, akamwonyesha tundu ukutani kando ya kaunta kwa fahari ya mtu anayemtambulisha mkwe.

– Risasi moja tu, alisema. – Tumeshathibitisha.

Mgeni alilitazama tundu. Lilikuwa chini kidogo kuliko alivyotarajia, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi.

– Samahani, alisema. – Ilimpata nani?

– Ilipata ukuta, alijibu Baruti kutoka nje.

– Kabla ya ukuta.

– Aa. Mwenzake wa karata, alisema Mheshimiwa. – Palepale.

– Alikuwa anaitwa nani?

Mheshimiwa alitazama mlimani. Delphine alitafuta jina kichwani mwake, kwa uhakika kabisa kwamba lipo, na hakulikuta.

– Dunnigan alikuwa na kofia nyeusi, alisema Baruti. – Na farasi wake alikuwa anaitwa Juniper. Kaburi lake liko kule juu. Kila Julai tunapanda na bendi kumwekea karoti.

– Kaburi la huyo bwana?

– La farasi.

Mgeni alishukuru kwa maji, akarudisha bilauri, akaenda kupiga picha milima.

Brashi aligonga kibao kwa mpini wa brashi.

– Mstari umebaki mmoja. Niandike nini?

– Unajua, Del, alisema Mheshimiwa taratibu, – kwangu lile tundu nadhani ni la msumari wa kutundikia kofia.

– Langu mchwa, alisema Baruti, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. – Kibao ni chako, dada. Hatuna kinyongo.

– Ama kipelekwe stesheni, alisema Brashi. – Kule kitakaa bila maswali.

Delphine aligeuka akaangalia ukuta wake. Maelfu ya mara alikuwa amelionyesha tundu lile kwa kidole, na hakuwahi hata siku moja kuona kwamba ili risasi ifike pale, palikuwa na mtu ameketi katikati. Alijisikia vibaya, na hasira ikamshika, hakujua amkasirikie nani. Mbali bondeni treni ilipiga honi.

– Andika hivi, alisema. – Ilimuua mtu aliyeketi hapa. Hatujui jina lake.

– Del! alisema Mheshimiwa. – Watalii hawapandi milima yote hii kuja kusoma hayo.

– Najua.

– Utafunga.

– Labda nitafunga. Andika, Brashi.

Brashi aliandika. Herufi za mstari ule zilibanana kuliko nyingine, lakini zilisomeka. Mheshimiwa alishika kibao, Baruti akapigilia misumari, na hakuna aliyetaja methali.

Watalii waliingia kwa kishindo kama kawaida, kofia mpya za wachunga ng'ombe vichwani, simu mikononi. Walisoma kibao. Waliofika mstari wa mwisho waliteremsha simu, wengine wakatoka kimyakimya kwenda kwenye aiskrimu. Delphine aliwatazama wakitoka na akahesabu kwamba kitanda cha Denver kimesogea karibu zaidi.

Mwanamke mmoja alibaki. Alisoma mara ya pili, akavua kofia.

– Alikuwa ameketi upande gani?

Delphine alizunguka kaunta. Alikishika kiti kilichokuwa chini ya tundu ili akiondoe njiani, halafu akabadili nia, akakigeuza kiangalie meza.

– Hapa, alisema. – Tunadhani hapa.

Nje, benchini, hakuna aliyembishia.