Mengineyo, Soli Arobaini

Uwe jikoni unamenya viazi au dukani unamngoja mteja wa kwanza, tusogeleane kidogo, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mzee Teófanes Huaroc, wa hapa hapa Huancayo. Alikuwa mkagua tiketi. Uzeeni akawa mtunza hesabu wa duka la binti yake.

Miaka thelathini alikagua tiketi kwenye mabasi ya Lima. Kila tiketi aliinyanyua kwenye mwanga, hata ya padri. Alipostaafu, binti yake Nélida alikuwa na duka la mtandaoni la mablanketi ya sufu. Mteja anaona picha, analipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Duka lilikuwa linachechemea. Nélida akamkabidhi baba yake hesabu zote.

Mteja akituma picha ya muamala, mzee anatikisa kichwa.

"Picha hata mimi nachora. Hela imeingia?"

"Baba, unanifukuzia wateja!"

"Nafukuza matapeli. Wateja watarudi."

Wengine hawakurudi.

Kisha Nélida akaona kitu daftarini. Kila Jumatatu, mstari uleule: Mengineyo, soli arobaini. Narudia, wasikilizaji wapendwa: hela, soli arobaini, zinatoka kila Jumatatu, na duka linadaiwa hela ya sufu. Na kila Jumatatu mzee alivaa koti lake la kazi, akaondoka asubuhi, akarudi jioni hana hata mkate mkononi.

"Mengineyo ndiyo nini, baba?"

"Ni mengineyo."

"Wewe unayedai risiti hata ya sindano?"

Mzee akageukia chungu, akasema viazi vimeiva. Havikuwa vimeiva.

"Nilimwazia kila baya," Nélida anasema. "Kamari. Mwanamke. Nikaificha kadi ya benki chini ya gunia la sufu. Baba akaiona. Aliisukuma ndani zaidi, isionekane."

Mzee Teófanes alifariki Jumamosi, moyo ukamsimama. Nélida alimzika bila kupata jibu.

Siku ya tano baada ya mazishi, familia ilishuka mtoni Mantaro kufua nguo za marehemu, kama ilivyo desturi yetu. Akatokea mama mmoja kutoka mji wa Jauja, Saturnina Poma.

"Poleni sana. Mzee alikuwa anakuja kwangu kila Jumatatu."

Shangazi Ruperta, dada wa marehemu, akaacha kusugua. "Nilijua tu! Haya, watoto wangapi?"

"Watoto? Dada yangu, mimi ni mteja!"

Alikuwa amenunua mablanketi kumi na mawili, soli mia nne na themanini. Hela ikachelewa siku mbili njiani. Mzee akamwandika tapeli kwenye ukurasa wa duka, watu wote wasome, na mablanketi akamuuzia mwingine. Hela ilipoingia, ikamezwa na deni la sufu kabla mzee hajamrudishia.

"Alikuja kofia mkononi," Saturnina alisema. "Akasimama sokoni kwetu, akatangaza kwamba mwongo ni yeye. Halafu akaniomba nisimwambie binti yake. Alisema, 'Ameniamini na hesabu zake. Niache nilipe blanketi moja kila wiki.'"

Nélida akamkazia macho. "Ushahidi unao?"

Saturnina akatoa karatasi kumi na moja, zote zina saini mbili. "Alinisainisha kila mara, kisha akaipima saini yangu kwenye mwanga. Imebaki moja."

Nélida akaingiza mkono kwenye koti la kazi lililolowa. Karatasi ya kumi na mbili ilikuwa mfukoni, imeandikwa tayari kwa mkono wa baba yake, haina saini. Akajifuta mikono, akatuma soli arobaini kwa simu, akamwonyesha mama yule picha ya muamala.

Saturnina akaitazama. "Picha naiona, binti. Hela imeingia?"

Wanawake wakacheka mpaka shangazi Ruperta akaachia sabuni, ikaenda na maji. Nélida alicheka huku analia. Simu ya Saturnina ikalia kwa ujumbe. Imeingia. Akasaini karatasi ile ikiwa mbichi, na Nélida akainyanyua juani.

Kwako Nélida, kwako shangazi Ruperta, na ukoo wote wa Huaroc, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studioni. Nasi tuliobaki, tujiulize ni nani nyumbani mwetu tunayemchunguza kimyakimya. Nenda kamuulize leo. Akikwambia viazi vimeiva, keti ungoje viive kweli.