Mwalimu Timazi na Ukuta wa Posta ya Zamani

Ijumaa, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na tatu na miezi mitano kazini, mwalimu wetu wa hisabati wa darasa la nne anastaafu. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Timazi. Jina hilo hakulichagua, ila hakuwahi kulikataa.

Aliripoti hapa na sanduku moja na rula ya mbao ya mita moja, ambayo bado imeegemea kona ya darasa lake. Amekuwa mkuu wa taaluma kwa miaka tisa, na amefundisha watoto wa watoto aliowafundisha. Kwa kumbukumbu za ofisi amechelewa mara moja tu, siku kitasa cha mlango wake kilipogoma akalazimika kutokea dirishani.

Hata hivyo, atakumbukwa zaidi kwa ziara. Miaka ishirini na moja iliyopita alianza kulipeleka darasa la nne kwenye jengo la posta ya zamani, kujifunza jinsi majengo ya kale yalivyojengwa. Watoto walipapasa chokaa, wakahesabu mawe ya tao la mlango, wakapima unene wa kuta kwa shubiri. Mwisho wa ziara, timazi, ule uzi wa mafundi wenye uzito nchani, ilishushwa kutoka dirisha la juu, na wanafunzi wawili wakapima umbali kati ya uzi na ukuta huko chini, kwa sababu ukuta ule umeinamia barabarani. Kila kipimo kiliingia kwenye daftari moja. Timazi na rula ya chuma ni mali ya mumewe, fundi mwashi na shemeji yetu sote hapa ofisini, ambaye kila mwaka amelalamika kwamba vifaa vyake vinarudi vinanata pipi.

Mwaka baada ya mwaka daftari lilisema sentimita saba nukta nne. Mwaka wa kumi na moja, rula ya chuma ilisahaulika shuleni, na kipimo kikawa sita nukta tisa. Darasa likashangilia: ukuta umejinyoosha! Shemeji akasema tangu ashike mwiko hajaona ukuta wenye adabu kiasi hicho. Jumamosi Mwalimu alirudi kupima mwenyewe. Saba nukta nne. Rula ya plastiki ya mwanafunzi iliyotumika siku ile ilikuwa na nafasi ya milimita tano kabla ya sifuri. Hakufuta kitu. Alikata kipimo kile kwa mstari mmoja, akaandika kilicho sahihi pembeni pamoja na sababu, na Jumatatu darasa zima likajifunza kutokana na kosa hilo.

Miaka mitatu iliyopita halmashauri ilichora alama nyekundu ya kubomolewa kwenye mlango wa posta. Ilidai kuwa ukuta unaendelea kuinama. Mwalimu aliomba nafasi kikaoni, akaenda na daftari. Mhandisi wa halmashauri alipouliza nani aliyepima, akajibu: watoto wa miaka kumi. Ukumbi ukacheka. Mjumbe mmoja akataka kujua kama watoto hao ndio watakaoushikilia ukuta ukidondoka. Mhandisi hakucheka wala kuinua macho. Alipekua hadi kwenye mstari uliokatwa, akausoma mara mbili, kisha akasema daftari lisiloficha kosa lake linaaminika kuliko ripoti nyingi alizowahi kuletewa. Kesho yake alikwenda kupima mwenyewe. Saba nukta nne. Ukuta umeinama, ndiyo, lakini haukuwa umesogea kwa miaka kumi na minane. Alama nyekundu ikasuguliwa, mifereji ya paa ikatengenezwa, na leo jengo lile ni maktaba.

Wiki iliyopita, katika ziara yake ya mwisho, Mwalimu hakugusa uzi. Alisimama ng'ambo ya barabara na mkoba wake begani, akasubiri wanafunzi wa darasa la nne wamalize. Walipima mara mbili bila kuambiwa, wakaandika, wakamkabidhi daftari mwalimu anayechukua nafasi yake.

Mwalimu, ahsante kwa kazi uliyoifanya kwa kunyooka. Tunakuombea afya, nafasi na usingizi mrefu wa asubuhi. Juni ijayo tutakuwa chini ya ukuta ule ule. Njoo, na uje na shemeji. Timazi bado ni yake, na tayari inanata.