Sura ya Gamaliel kwenye Karatasi ya Ananie

Mgeni rasmi, kiongozi wetu mpya, karibu Kimemi. Utusamehe: cheo chako tumekiandika mara tatu, na mara tatu redio imekibadilisha. Kiti hicho tumekiazima kanisani. Keti, pumzika.

SISI NI NANI

Sisi ni wakaaji wa avenue ya wauza maharagwe. Tangu vita ianze, hakuna anayekwenda Beni bila karatasi ya njia yenye picha. Anayetubandikia picha kwenye bureau, ofisi ya avenue, ni Mama Masika, mjane, katibu wa kwaya. Zamani alitumia uji wa muhogo, na mende wakala pua za watu.

MAFANIKIO

Mwezi wa tatu Juma Shafii, mfanyabiashara, alituletea kole, gundi ya vijiti. Unazungusha chini, gundi inachungulia juu. Joyeuse wa kwaya alidhani ni mafuta ya midomo. Jumapili ile hakuimba. Mzaha kando, imetufaa kwa bahasha, vitabu vya nyimbo, hata karatasi za kuziba vioo vilivyopasuliwa na risasi. Masika alibandika picha arobaini kwa siku moja, akarudi nyumbani kifua mbele.

CHANGAMOTO

Gundi hiyo na maji hawapikiki chungu kimoja. Mvua ilipita kwenye tundu la bati, na asubuhi Masika akakuta sura arobaini sakafuni. Alizirudisha moja moja, maana anatujua wote. Akakwama kwa akina Kambere. Kwetu kila mtoto wa kiume wa pili ni Kambere, na siku hiyo walikuwa sita. Yeye anamjua Kambere wa mashine, Kambere wa mbuzi. Majina yao ya ubatizo, nani huyatumia? Angeweza kuuliza, lakini aliona haya, na watu walikuwa mlangoni wakiwahi lori. Akakisia.

Gamaliel, mmoja wa hao Kambere sita, akaenda Beni na magunia yake, karatasi imekunjwa mfukoni. Kwenye kizuizi askari aliifungua.

"Huyu hapana weye! Nani alikutuma?"

Gamaliel alishangaa kuliko askari. "Mais, huyu ni Kambere, jirani yangu!"

Wakaandika kwamba amemtaja mwenzake. Wiki ya tano sasa yuko kambini Beni, eti mpelelezi.

MAOMBI

Tuliandika ombi la barabara, tukalifuta. Tunaomba Gamaliel arudi kwa mkewe Bénite. Karatasi ya Ananie, yule Kambere jirani yake, hiyo hapo mezani, na sura iliyomo ni ya Gamaliel. Itazame mwenyewe.

Hapa, mgeni rasmi, akili zetu zinagoma. Yule mama wa mstari wa kwanza mwenye kifurushi cha nguo na sufuria ndiye Masika. Jana alituambia: "Mutu ya makosa ni miye. Banipeleke miye, bamuachilie ule baba." Tulikataa, tukagombana naye, tukalia. Hata sasa hatujui: kukuonyesha alipo, tumemsaidia au tumemuuza? Tulikuja na ombi moja, limekuwa mawili. Yule mfungue. Huyu tuachie.

Mungu akulinde barabarani, wewe na unaosafiri nao.

Ni sisi wakaaji wa avenue ya wauza maharagwe, Kimemi, Butembo, Agosti 2000.