Fundi wa Ukuta na Kifua cha Mjukuu Wangu

Benchi lao lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba changu, upande wa barabarani, hata nikijilaza nawasikia. Ubao mmoja juu ya matofali manne, na kila asubuhi watu watatu juu yake. Bepari anauza kahawa. Mali yake yote ni birika, jiko la mkaa na vikombe saba. Waziri alikuwa tarishi wa ofisi miaka thelathini, akabeba barua za wakubwa mpaka akadhani ndiye aliyeziandika. Injinia anaziba pancha za baiskeli. Mimi hutoka na kigoda changu, nakaa pembeni, nachambua maharage na kuwarudi wakizidisha.

Wiki hiyo sikuwa na hamu ya kumrudi mtu. Mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye mama yake anafanya kazi mbali, alikuwa amerudi zahanati mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kifua. Anapumua kama filimbi iliyoingia mchanga. Anapewa dawa, anapata nafuu siku nne, tunaanza upya. Mara hii muuguzi hakuniuliza anaumwa wapi. Aliniuliza analala wapi. Nikamwambia kitanda hakikohoi, anayekohoa ni mtoto. Hakukasirika. Akanieleza kwamba zahanati, chama cha mafundi ujenzi na kamati ya mtaa wamekubaliana: mtoto akirudirudi na ugonjwa uleule, fundi anakwenda kuitazama nyumba.

Kesho yake wakaja, muuguzi na fundi, binti mwembamba mwenye nyundo kiunoni. Wakaingia ndani. Mimi nikabaki nje na mtoto mapajani, maana chumba hakitoshi watu wanne. Nyundo ikaanza kugonga ukuta, na benchi nalo likaanza kazi yake.

Injinia aliuliza ni muuguzi gani anayetembea na nyundo. Bepari akajibu kwamba bila shaka sindano zimekwisha. Waziri akashusha sauti, kama afanyavyo akiwa hana hakika, akasema hao wanapima wapate kubomoa, habari ya afya ni kisingizio tu. Injinia akaliona hilo dogo. Alisikia mlio wa nyundo ulivyobadilika pale katikati, akaapa kwamba aliyejenga nyumba alizika kitu ukutani na muuguzi ameoteshwa. Bepari akataka kujua ni sanduku au chungu. Punde wakafika kwenye kugawana, na Waziri anadai fungu la mtunza siri.

— Mtoto anatafuta pumzi, nyie mnagawana chungu, nikawaambia.

Wakanywea. Kusema kweli, la Waziri lilikuwa limeniingia. Tukibomolewa, nitampeleka wapi mwenye kifua hiki?

Fundi akatoka, vumbi la plasta kwenye nyusi. Akatoa shikamoo kwa kila mmoja. Akachuchumaa kando ya benchi, akachota udongo kidogo, akaunusa. Kisha akauliza, bila ukali wowote:

— Wazee wangu, maji ya kusuuzia vikombe huwa mnamwaga wapi?

Bepari alikuwa na ndoo mkononi, keshaiinamisha nusu.

Wote watatu wakanigeukia mimi. Maana niliyewaagiza ni mimi. Miaka miwili iliyopita niliwaambia wamwage pale, chini ya ukuta, maji yazime vumbi la barabara lisimwingie mtoto kifuani. Siku wakisahau, nawakumbusha. Na kitanda chake kiko upande wa pili wa ukuta huohuo. Nilikisogeza mwenyewe, nikaziba na dirisha kwa kabati asipigwe na upepo. Fundi alikuta ukungu mweusi nyuma ya kitanda, kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno chake. Mimi nilidhani ni masizi ya wapangaji wa zamani.

— Ni mimi, nikasema. Mimi ndiye niliyewaamuru.

Nikangoja kukaripiwa. Ningekuwa mimi, ningekaripia. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni.

— Bibi, ulikuwa unamkinga, akasema. Sasa tumkinge kwa njia nyingine.

Matusi ningeyaweza. Hilo sikuliweza, nikajitia kutafuta kiatu cha mtoto.

Kamati ya mtaa ikamfuata mwenye nyumba, mtu mgumu kuliko nyumba yake. Walikwenda mara nne. Mwisho akakubali dirisha lipanuliwe, akatia na saini kwamba hatatutoa ukuta ukishapendeza. Mafundi wakabandua plasta mbovu, wakachimba mfereji kando ya msingi. Na wale watatu, ambao sijapata kuwaona wakinyanyua kitu kizito kuliko kikombe, wakabeba mchanga siku mbili mpaka Waziri akatembea kama mjamzito. Benchi walilihamishia ng'ambo ya barabara, juani, na hawakuambiwa na mtu.

Hii ni wiki ya tano tangu mafundi wamalize. Jana muuguzi alimsikiliza mtoto mgongoni, kifuani, tena mgongoni, akakunja kipimo chake na kutuambia twende zetu nyumbani.

Leo asubuhi nikavuka na kigoda changu niwape habari. Hawakunipa nafasi. Bepari alikuwa anaeleza kwamba mvuke wa kahawa yake ndio uliomfungua mtoto kifua, fundi alikuja kumalizia tu. Waziri akasema mwenye nyumba asingetia saini kama si yeye, kuna namna alivyomtazama. Injinia akadai aligundua ubovu wa ukuta kwa sikio kabla hata fundi hajamaliza kugonga. Kila aliyemaliza alinitupia jicho, akingoja nimkate. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga mdomoni.

Nikamnyooshea Bepari kikombe. Nikawaacha wadanganye, mmoja baada ya mwingine, mpaka birika likakauka.