Upande wa Kulia wa Kadi

Marehemu, ambaye kiwandani aliitwa Fundi na mtaani Baba Kelele, alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yake, seremala. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama yake alisimulia kwamba kichanga huyu hakulala mpaka asikie msumeno. Siku karakana ikifungwa, nyumba nzima ilikosa raha.

Wasifu huu umeandikwa na mkewe. Unasomwa na mdogo wa marehemu wa kike, kwa kuwa mwandishi amesema sauti yake haitafika mwisho wa ukurasa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 na kumaliza 1973. Sekondari alisoma miaka miwili tu, baba akaugua, naye akahamia chuo cha ufundi alikohitimu 1978. Mwandiko wake ulikuwa mbaya na tahajia mbaya zaidi. Hilo alilionea aibu maisha yake yote, hasa baada ya kuoa mwalimu.

Januari 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, akatengeneza vyerehani kwa miaka thelathini na mitano. Aliweza kusimama mlangoni mwa ukumbi wenye mashine mia na ishirini akasema ni ipi inakaribia kukata uzi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alipita duka la santuri mkabala na posta, akanunua albamu moja ya roki. Si zile zilizochezwa kwenye harusi. Alipenda za wale vijana wenye nywele machoni, ambazo muuza santuri aliziweka kwenye kreti ya chini kabisa kwa sababu hakuna aliyeziulizia.

"Fundi, mashine mia na ishirini hazikutoshi?" muuza santuri alimuuliza.

"Zile zinapiga kelele bila sababu," alijibu. "Hawa wana sababu."

Humo dukani ndimo alimompata mke. Ilikuwa tarehe 25 Februari 1989, mvua kubwa, na mwalimu mmoja aliingia kujikinga, daftari za wanafunzi kifuani. Fundi alimvisha hedifoni za duka. Mwalimu alisikiliza nusu ya wimbo, akazivua.

"Huyu anayeimba anaumwa?"

"Hajambo. Ana la kusema."

Albamu ile ilikuwa na jalada lenye ngazi nyekundu, na Fundi aliinunua siku hiyohiyo. Walioana tarehe 15 Septemba 1990, wakajaliwa binti na mwana.

Nyumbani, gramafoni ilikaa sebuleni. Jioni ingesikika sauti: "Mwalimu! Njoo usikie hapa!" Na jibu kutoka chumba cha pili: "Nasahihisha!" Siku nyingine lilikuwa sufuria jikoni, au kichwa kinauma. Mdogo wake huyu anayewasomea alimtania, "Kaka, unampigia mbuzi gitaa." Mkewe akadakia, "Na mbuzi ndiye mimi?" Wakacheka wote, na marehemu akacheka kuliko wote.

Mwaka 1994, siku yake ya kuzaliwa, mkewe alimnunulia hedifoni nzuri. Wageni waliisifu zawadi, naye alishukuru kwa dhati. Nyumba ilitulia tangu siku hiyo. Aliacha kuita.

Agosti 2021 aligundulika ana kifua kikuu sugu. Daktari alimweleza wazi kwamba sindano zingeokoa mapafu lakini zingeweza kumla masikio. Aliomba siku moja, akarudi nyumbani, akakaa mbele ya gramafoni na kumwomba mkewe akae naye. Mkewe alikaa kidogo, kisha akainuka kwenda kufungasha nguo za hospitali. Nguo zenyewe zilikuwa tatu.

Kufikia Januari 2022 alikuwa hasikii kitu. Hata hivyo aliendelea kuweka santuri, kiganja juu ya spika. Siku moja aliandika kwenye kibao chao cha mazungumzo: "Inasemaje?" Mkewe akaandika: "Kelele." Alicheka mpaka akakohoa. Mkewe alidhani wanataniana kama zamani. Leo anasema mumewe alikuwa anauliza kweli.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, moyo uliposimama.

Alhamisi, binti yake alifungua majalada ya santuri kutafuta picha ya kuweka katika ratiba hii ya mazishi, kwani marehemu alificha picha humo. Kutoka kila albamu aliyonunua tangu siku ile ya mvua ilidondoka kadi ngumu nyeupe, ile inayowekwa ndani ya shati jipya ili likae limenyooka. Kila kadi ilikuwa na mstari katikati. Kushoto aliandika "Mimi", na chini yake maoni yake: "Gita linatafuta funguo, halafu linavunja mlango." "Hapa ngoma na gita wamegombana. Wimbo wa sita wanapatana." Kulia aliandika "Mwalimu". Chini yake hapakuwa na kitu, kadi zote, miaka thelathini na mitano.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mkewe anasema huyu wake alizaliwa Alhamisi, na tayari anamfuata kila chumba.

Marehemu ameacha mke, binti, mwana, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, na muuza santuri mstaafu aliyeketi safu ya pili.

Jana mchana mkewe alifunga mlango wa sebule, akaisikiliza ile albamu ya ngazi nyekundu mwanzo hadi mwisho, bila hedifoni. Kwenye kadi yake, kushoto, marehemu alikuwa ameandika: "Wimbo wa nne. Anamwita mtu aliye chumba cha pili. Bado hajaitikiwa." Kadi hiyo sasa imo ndani ya shati alilovishwa. Upande wa kulia, mkewe ameandika neno moja.

"Abee."

Apumzike sasa. Ameitikiwa.