Valmai Lum Wan, Mwanafunzi wa Kichina cha Ngazi ya Kati

Machi 2019, alipotimiza miaka sitini na sita, Valmai alisimama mbele ya ukoo mzima katika mkahawa wa Kichina huko Sunnybank, Brisbane, akagonga glasi kwa kijiti cha kulia na kutangaza: "Sikilizeni! Kabla hamjanizika, nitaagiza bata hapa kwa Kichina safi, bila kunyooshea picha za menyu kidole, na mhudumu ataniuliza nilizaliwa Beijing mtaa gani." Mhudumu alikuwa nyuma yake na sinia ya samaki. Alicheka hadi mchuzi ukamwagikia kitambaa cha meza. Nusu ya majigambo hayo marehemu aliitimiza: bata aliletwa. Kuhusu Beijing, mhudumu huyo yumo humu kanisani leo, muulizeni wenyewe.

Valmai alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 mjini Innisfail, kaskazini mwa Queensland, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Lum Wan, mwenye duka na muuza ndizi, na Bi. Edna wa Cairns. Mzee alikuwa ametoka kijiji kimoja cha Zhongshan, kusini mwa China, mwaka 1938 kuja kusaidia katika duka la mjomba wake. Huko nyuma aliacha mke na binti wa mwaka mmoja, akiahidi kurudi. Vita vikaingia, njia zikafungwa, habari za kifo cha mkewe zikamfikia, naye akaoa tena huku. Nyumbani wanawe walizungumza Kiingereza tu. Mzee alisema duka moja linatosheka na lugha moja. Binti wa kule hakutajwa mezani hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapohapo Innisfail, akamaliza mwaka 1970. Alikuwa hodari wa hesabu na wa kujibizana. Wenzake wakimchokoza, "Hebu sema Kichina!", alibuni maneno papo hapo na kutoza pipi moja kwa kila neno. Hayo ndiyo malipo pekee aliyowahi kuyapata kwa Kichina chake.

Mwaka 1971 aliajiriwa posta ya Innisfail, baadaye akahamia Brisbane, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2015. Vifurushi vya kwenda China vilipita mikononi mwake kila wiki. Watu aliofanya nao kazi wanasema alikuwa na kawaida ya kuvipapasa kidogo kabla ya kuvitupa kwenye gunia lake.

Tarehe 2 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Neville Tranter, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari. Ili kumfurahisha mkwe, Neville alimaliza sahani nzima ya miguu ya kuku siku ya posa. Mzee akamwambia, "Mwanangu, hata mimi siipendi. Ilikuwa ya mama mkwe wako." Mungu aliwajalia watoto wawili, Glenys na Russell. Neville alitangulia mwaka 2014.

Tukio lililomgeuza lilitokea mwaka 1986, hospitalini Cairns, Mzee Lum Wan alipokuwa anakata roho. Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka, imebaki lugha ya kijijini kwao. Alirudia jina moja tu. Valmai akainama, "Nipo, baba. Nipo hapa."

Mama yake akamshika bega. "Si wewe, mwanangu. Anamwita Yuet Heung."

"Yuet Heung ni nani?"

"Dada yako."

Neno hilo aliishi nalo zaidi ya miaka thelathini. Alitaka kumsikia dada huyo. Alitaka kumuuliza jambo moja: je, alimngoja baba? Mtu wa ukoo aliyezuru kijijini alipomletea namba ya simu ya dada huyo, Valmai aliiweka mlangoni mwa friji, kisha akajiandikisha chuo kikuu kusoma Kichina.

Februari 2020 aliingia darasani, na wanafunzi wote wakasimama na kumwamkia kwa Kichina, wakidhani ndiye mwalimu. "Kaeni chini, wanangu," akawaambia kwa Kiingereza cha Innisfail. "Mimi mwenyewe natetemeka." Tangu siku hiyo akawa Shangazi Val, na mwalimu halisi, Bi. Qiu Lanying wa Harbin, kaskazini mwa China, alipenda kusema kwamba ndiye mwanafunzi wake pekee aliyeleta keki siku ya mtihani na bado akakosea.

Mwaka uliofuata alipanda ngazi ya kati. Namba ilikuwa bado kwenye friji.

"Bibi, piga simu," mjukuu wake Tarryn alimwambia. "Dada yako ana miaka themanini na nne. Unamngojesha hadi mahafali?"

"Nikimaliza ngazi ya kati."

"Ukimaliza wewe, na yeye atakuwa amemaliza."

"Mtoto aliyeacha diploma katikati asinifundishe ratiba!" Lakini alibandua namba.

Alipiga Mei 2021, baada ya kukariri salamu zake mbele ya kioo. Kule sauti ya kikongwe ikalipuka kwa furaha, ikamiminika, ikacheka, ikalia, na Valmai hakuelewa hata neno moja. Chuo kilimfundisha Kimandarini, Kichina rasmi. Dada alikuwa anasema lugha ya kijijini, ileile iliyobaki kinywani mwa baba. Simu ikakatika. Wiki nzima Valmai hakwenda darasani, hadi Bi. Qiu alipobisha hodi.

"Hukuniambia kwenu ni Zhongshan!"

"Hukuniuliza! Ulidhani kwetu ni wapi, na sura hii?"

"Innisfail," alisema Bi. Qiu. Wakacheka, kisha mmoja wao akalia.

Jumapili hiyo simu ililia. Ilikuwa sauti ileile, safari hii ikichechemea kwa Kimandarini. Mke wa mjukuu wa Yuet Heung ni mtu wa mkoa wa Hunan, hajui lugha ya kijijini, na bikizee alikuwa amejifunza Kimandarini jikoni, kwa kugombana naye.

"Mdogo wangu. Baba hakukufundisha lugha yake?"

"Hakunifundisha."

"Mimi pia. Hakunifundisha kitu."

Tangu hapo walizungumza kila Jumapili saa nne asubuhi, kila mmoja na Kichina chake kibovu: wamekula nini, magoti yanaumaje, mvua imenyesha kiasi gani, ndizi bei gani. Yuet Heung hakuacha kuuliza bei ya ndizi. Lile swali lenyewe Valmai aliliahirisha, akisingizia kwamba lilihitaji Kichina cha ngazi ya juu. Bi. Qiu alimwambia wazi: "Shangazi, maneno hayo yote ulijifunza mwaka wa kwanza." Mtihani wa ngazi ya kati alifaulu, kwa alama ambazo aliomba zisitajwe.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani, kisha hospitalini Brisbane. Jumapili tarehe 4 Juni 2023, Tarryn akimshikia simu sikioni, hatimaye aliuliza, "Dada, ulimngoja baba?"

Yuet Heung akajibu polepole, ili mdogo wake aelewe kila neno: "Nilimngoja. Halafu nikachoka. Halafu ukapiga wewe." Akapenga kamasi. "Ndizi huko bei gani wiki hii?"

"Sijui, dada. Nipo kitandani. Nitauliza, nikuambie Jumapili."

Valmai alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha watoto wawili, Glenys na Russell. Wajukuu watatu, Tarryn, Callum na Bree. Kaka yake Ronald. Darasa zima linalomwita shangazi. Na dada yake, Yuet Heung, ambaye Jumapili alipiga saa nne kama kawaida. Tarryn alipokea, lakini Kichina hana. Bi. Qiu, aliyekuwapo, ndiye aliyempa dada habari za msiba. Dada mtu alilia kwa lugha ya kijijini, kisha akarudi kwenye Kimandarini na kusema kwamba mdogo wake alikuwa na jambo la kumwambia.

Lala salama, Val. Tumeuliza sokoni. Dola tatu na senti tisini kwa kilo.