Mshono wa Simba

Benchi la nje ya kibanda cha Fundi Viatu hukaliwa na watu walewale kila jioni: Kinyozi, aliyefunga duka mapema kwa kukosa vichwa, Redio, mstaafu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, na Fundi mwenyewe, sindano mkononi. Leo Fundi alikuwa amenuna. Jumapili shemeji yake, kaka wa mkewe, aliwachukua mke na binti wa Fundi, akawapeleka makumbusho kuona wanyama waliokaushwa na mifupa ya nyangumi. Tangu hapo binti haishi kumtaja: Mjomba kasema hivi, Mjomba anajua vile. Kwa wivu Fundi aliisahau kahawa yake hadi ikapoa.

— Yule simba ni wa uongo, alisema. Binti anasema eti ngozi haina mshono. Mimi nashona ngozi mwaka wa ishirini huu. Ngozi isiyo na mshono iko wapi?

— Plastiki hiyo, akasema Kinyozi. Manyoya wanaokota kwetu. Mbona nikitupa nywele jioni, asubuhi sizikuti jaani?

— Basi na zangu ziko huko, akasema Redio, akijipapasa kipara.

— Na nyangumi je? akauliza Fundi.

— Nyangumi ni ng'ombe tu! akasema Redio. Ng'ombe arobaini wameungwa kwa waya. Dunia nzima wanafanya hivyo, ila hawatangazi.

— Na shemeji anajua! akadakia Fundi. Kawapeleka makusudi, ili mimi nionekane si kitu nyumbani kwangu.

— Shemeji wa namna hiyo, Kinyozi akatikisa kichwa, hakosi kuwa ndiye aliyewaunga hao ng'ombe.

Fundi hakucheka.

— Jana binti kaniuliza, "Baba, na wewe unaweza kushona simba?" Sijafungua mdomo, mama yake kadakia, "Muulize Mjomba." Roho imeniuma, jamani. Mtoto wangu, kazi yangu, halafu aulizwe Mjomba!

Wote wakaguna kwa uchungu. Mama mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akingojea kiatu chake. Aliwasikiliza tangu mwanzo.

— Pole, fundi, akasema. Kwani siku hiyo hawakukwambia uende nao?

Kinyozi akachungulia ndani ya kikombe chake. Redio akaanza kutafuta miwani, nayo ilikuwa usoni mwake. Jumapili ile binti alikuja hapa benchini mara mbili, kavaa gauni lake zuri, kumwita baba yake. Mara zote mbili hawa wawili ndio waliomwambia asubiri kidogo, baba anamalizia drafti. Mara ya tatu hakuja.

— Fundi? yule mama akauliza tena.

Fundi aliinamia kiatu, akashona polepole.